Muthokoi na mtama vyampa mwanariadha nguvu za mbio

KIJANA anayejiandaa kwa mbio ndefu huko Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, hahitaji vyakula ghali vya madukani. Muthokoi, ugali wa mtama, uji wa mawele, viazi vitamu na mihogo vina wanga kwa wingi, na wanga ndio tegemeo kuu la misuli mbioni. Muhimu ni kula vya kutosha, tena kwa wakati ufaao.

Wanga unaposagwa tumboni hugeuka sukari, na ile isiyotumika mara moja huwekwa akiba katika misuli na ini. Akiba hiyo huitwa glaikojeni. Mafuta ya mwilini pia hutoa nguvu, lakini polepole. Kasi ikizidi, misuli huitegemea zaidi glaikojeni. Kwa kuwa kwa kawaida akiba hiyo ni gramu 500 hivi, wakimbiaji wengi wa marathoni huishiwa nguvu baada ya kilomita 30.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Vincent Onywera na wenzake uliwafuatilia wakimbiaji 10 mashuhuri wa Kenya kwa siku saba katika Bonde la Ufa. Takriban asilimia 76 ya nguvu walizopata katika chakula zilitokana na wanga, hasa wa ugali, wali na sukari ya chai. Hizo ni kama gramu 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzani.

Ukambani nako kumetoa mabingwa. Cosmas Ndeti alishinda Boston Marathon mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995, naye Patrick Makau akaweka rekodi ya dunia jijini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2:03:38.

Baada ya mazoezi, akiba iliyotumika sharti irudishwe. Anayekimbia tena siku iyo hiyo hushauriwa kula gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzani, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Akipumzika hadi kesho yake, chakula cha kutosha cha siku nzima kinatosheleza.

Muthokoi huandamana na kunde au pojo, ambazo protini zake hukarabati misuli. Hata hivyo, mlo huo huchelewa kusagika, hivyo hufaa zaidi jioni. Kabla ya mbio, uji au ndizi ni afadhali.

Hatari kubwa ni kiangazi. Mvua inapokosekana Mutomo na milo ikapungua, kijana anayeendelea kukimbia kila alfajiri huanza kula misuli yake mwenyewe. Mifupa hudhoofika na kupata nyufa, na wasichana huweza kukosa hedhi. Kocha hana budi kupunguza kilomita za mazoezi chakula kinapopungua, na kujua wanafunzi wake wamekula nini kabla ya kuwapeleka uwanjani.