Maradhi ya Njia ya Mkojo (4): Mpira, Mfuko na Mhudumu Msaidizi

Tangu 2023 wahudumu wasaidizi wa hospitali kadhaa za umma nchini Uingereza, wakiwa chini ya chama chao cha UNISON, wamekuwa wakigoma wakidai kutolewa daraja la 2 la mshahara na kuwekwa la 3. Daraja la 2, wanasema, ni la kumwogesha mgonjwa na kumlisha. Wao kwa miaka wametoa damu na kufanya kazi nyingine za tiba. Ukitaka kuipima hoja hiyo, ingia wodi ya mkojo. Nami siwezi kuingia humo bila kuanza na kifaa nilichokisoma miaka mingi kwa mapenzi yasiyopungua: mpira wa mkojo, yaani katheta.

Figo, kibofu na tezi dume tumekwisha kuvieleza. Haja ya kumfungulia mtu mkojo uliozibwa ni ya kale. Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, zilichimbuliwa katheta za shaba nyeusi zilizopindwa kufuata njia ya mwanamume. Mwaka 1752 Benjamin Franklin alimtengenezea kaka yake John, aliyeteswa na mawe ya kibofu, katheta ya fedha inayopindika. Unene wa katheta hadi leo unahesabiwa kwa kipimo cha Charrière, fundi Mfaransa wa vyombo vya upasuaji: namba 1 ni theluthi ya milimita, hivyo mpira namba 18 una kipenyo cha milimita 6. Katika miaka ya 1930 Frederic Foley, daktari wa Minnesota, Marekani, akaweka puto karibu na ncha. Likijazwa maji kibofuni, mpira hauchomoki. Hataza aliikosa, jina likabaki lake.

Puto hilo lilishika mpira, halikuzuia vijidudu. Mkojo uliishia kwenye chupa iliyo wazi, na kwa siku nne hivi karibu kila mgonjwa alipata maambukizi. Mwaka 1966 Calvin Kunin na Regina McCormack walionyesha kwamba mfumo uliofungwa, kuanzia mpira hadi mfuko, hupunguza sana balaa hilo. Tangu hapo usalama wa mgonjwa umo pia mikononi mwa anayemwaga mfuko. Ukae chini ya kibofu, usiguse sakafu; glavu zibadilishwe kwa kila mgonjwa; mililita ziandikwe. Saa tisa usiku, mara nyingi huyo ni mhudumu msaidizi.

Tena anatazama rangi. Mzee aliyekwanguliwa tezi dume huwekewa mpira wa njia tatu, maji yakiingia kibofuni na kutoka. Wekundu hafifu ni kawaida. Yakikolea kama juisi ya rozela, au yakikatika huku tumbo la chini likivimba, huenda bonge la damu limeziba, na muuguzi lazima aitwe papo hapo. Ni dhuluma kumhesabu mwenye jicho hilo kuwa mikono ya ziada. Ni yeye pia anayevuta pazia kabla ya kumfunua mzee wa watu.

Kwa madai yenyewe nafasi imebaki finyu. Waajiri wengi wamekubali daraja la 3. Ugomvi umekuwa juu ya malimbikizo ya mshahara, yaanzie mwaka gani. Mimi nasema yaanzie siku kila mmoja alipokabidhiwa kazi hizo, na waliokwisha kustaafu walipwe vilevile.