Istilahi za Kidirisha cha Mipangilio

Katibu muhtasi wa ofisi moja alipata kutusimulia mkasa uliozaa makala haya. Alikuwa akiandika barua ndefu kwa kompyuta, akafungua kidirisha cha mipangilio ili abadili nafasi inayoachwa mwanzo wa mstari. Baadaye akabadili nia. Mbele yake palikuwa na vitufe viwili vya Kiswahili: "Sawa" na "Futa". "Sawa" hakuitaka, na "Futa" aliogopa isije ikafuta barua yote. Kwa kuhofu akazima kompyuta, na barua ambayo ilikuwa haijahifadhiwa ikapotea kweli.

Kosa halikuwa lake. Mfasiri alikuwa ametumia neno moja kwa dhana mbili: kuondoa maandishi, na kuacha jambo lililokusudiwa. Kwa dhana hii ya pili Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, nalo ni "ghairi". Mtu aghairipo safari haiharibu njia. Huacha tu kwenda. Ndiyo maana hasa ya kitufe kile.

Kwanza tufafanue vitu vyenyewe. Kihariri matini ni programu ya kuandikia na kusahihisha maandishi matupu. Mipangilio ni maamuzi yanayoiongoza programu hiyo katika kazi yake, kama vile kuonyesha nambari za mistari au kutozionyesha. Kidirisha cha mipangilio ni dirisha dogo ambamo mtumiaji hubadili maamuzi hayo. Wako wanaoliita "dirisha la mazungumzo", lakini jina hilo siku hizi humpeleka msomaji kwenye maongezi ya watu wanaoandikiana. Heri kidirisha kiitwe kwa kazi yake.

Vilevile yafaa kutenga "kusasisha" na "kurekebisha". Programu husasishwa inapopewa toleo jipya; mipangilio hurekebishwa na mtumiaji kwa kadiri ya haja yake. Mwalimu akiwaambia wanafunzi "sasisheni mipangilio", baadhi yao watatafuta toleo jipya.

Sasa tuje kwenye kiini. Ndani ya kidirisha mna vitendo vitatu ambavyo hapana budi kuvitenga:

(a) Kuchagua: kutia alama au kuandika thamani mpya. Uamuzi bado ni pendekezo tu.

(b) Kutekeleza: kuufanya uamuzi uanze kufanya kazi.

(c) Kuhifadhi: kuuandika uamuzi katika faili ili udumu hata baada ya programu kufungwa.

Programu hazipangi vitendo hivi kwa namna moja. Tuchukue LibreOffice, iliyochipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeitolea toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Kidirisha chake cha mipangilio kina kitufe cha kutekeleza bila kufunga, cha kutekeleza na kufunga, cha kughairi, na cha kurejesha. Kwa hivi tunapendekeza "Tekeleza", "Sawa", "Ghairi" na "Rejesha". "Tumia" halitoshi mahali pa "Tekeleza", kwa kuwa humwacha msomaji akiuliza atumie nini. Nalo "Rejesha" lisifasiriwe kuwa ni kurudisha hali ya kiwandani: hapa hurudisha thamani zilizokuwapo kidirisha kilipofunguliwa.

Notepad++, kihariri kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, kina utaratibu mwingine. Kidirisha chake kina kitufe kimoja tu cha kufunga. Ukitia alama, badiliko kwa kawaida hutekelezwa papo hapo. Lakini mipangilio huandikwa katika faili yake programu yenyewe inapofungwa. Hapa kuchagua na kutekeleza vimeungana, na kuhifadhi kumeahirishwa. Mfasiri akiandika "Hifadhi na Funga" badala ya "Funga", atakuwa ametoa ahadi isiyotimizwa. Umeme ukikatika kabla programu haijafungwa, mtumiaji aweza kukuta mipangilio yake imerudi ilikokuwa, naye atalaumu mashine ilhali aliyemdanganya ni neno.

Funzo ni kwamba mfasiri asifasiri kitufe kwa kutazama neno la kigeni peke yake. Akibonyeze kwanza. Aone kidirisha kimebaki wazi au kimefungwa; badiliko limeonekana au bado; kisha afunge programu, aifungue tena, atazame kilichodumu. Ndipo achague istilahi.

Kwa muhtasari: "futa" ni kwa maandishi na faili, "ghairi" ni kwa nia, "tekeleza" ni kwa uamuzi, "hifadhi" ni kwa kile tu kinachoandikwa kikadumu. Maneno haya yote tunayo. Kilichobaki ni kila moja kupewa kazi yake, ili anayesoma Kiswahili kwenye kompyuta abonyeze bila hofu.