Kisomeo cha Skrini ya Kugusa na Msomaji wa Kiswahili: Mtazamo kutoka Kiembeni, Mombasa

Mjadala kuhusu vifaa vya kusomea vitabu pepe umekuwa ukiegemea mno bei na wepesi wa kubeba, kana kwamba kitabu cha Kiswahili ni mzigo kama mizigo mingine. Makala haya yanadhamiria kukipima kifaa hicho kwa kipimo kingine: je, kinamfaa nini, na kinamnyima nini, mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi Kiembeni, upande wa Kisauni, na anayelazimika ama kuvuka daraja la Nyali kwenda kisiwani au kushika barabara ya Malindi hadi Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi? Kwa kuwa neno "kishikwambi" limekwisha kuzoeleka kwa kompyuta bapa ya kazi zote, hapa litatumika neno "kisomeo" kwa kifaa ambacho kazi yake ni kusomea tu.

Tofauti ya viwili hivi iko katika skrini. Kishikwambi na simu humulika mwanga kuelekea machoni. Kisomeo hutumia wino wa kielektroniki, teknolojia iliyoendelezwa na kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997. Ndani ya skrini mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi; umeme huzipandisha au kuzishusha, zikafanya herufi, kisha zikatulia pale pale bila kuhitaji umeme zaidi. Ndiyo maana betri hudumu kwa majuma. Sony ilitoa kisomeo cha kwanza cha aina hii mwaka 2004, na Amazon ikafuata na Kindle mwaka 2007. Ilipoanza kutengenezwa mifano ya kugusa, Sony iliongeza utando juu ya skrini mwaka 2008, na utando huo ukaleta mng'ao uliowaudhi wasomaji. Kindle Touch ya mwaka 2011 ilikwepa tatizo hilo kwa kutumia miali isiyoonekana iliyopita juu ya skrini; kidole kilipoikata, kifaa kilijua kimeguswa wapi.

Kwa mkaazi wa Kiembeni, faida za skrini hii haziwezi kupuuzwa. Jua la pwani linaloifanya simu isisomeke ndilo linaloing'arisha skrini ya wino. Umeme ukikatika usiku, mifano yenye taa yake humwezesha msomaji kuendelea chini ya chandarua. Unyevu wa bahari huvimbisha karatasi na kualika ukungu. Aliyewahi kufungua kitabu kilichokaa kabatini misimu miwili ya mvua anajua harufu yake. Aidha, ukubwa wa herufi huweza kuongezwa, neema ambayo wahadhiri waliovaa miwani wataithamini kuliko wanafunzi wao. Kuhusu mguso wenyewe, lawama ni ndogo: katika matatu yenye kurukaruka, ukurasa hugeuka bila kukusudiwa, na kidole chenye jasho hakitiiwi daima. Vitufe vya zamani havikuwa na kero hiyo.

Faida inayosifiwa zaidi ya skrini ya kugusa ni kamusi. Msomaji hukandamiza neno, na maana ikajitokeza. Kwa Kiingereza jambo hili ni jepesi kwa sababu maumbo ya neno moja ni machache na yanaweza kuorodheshwa. Kiswahili hakikubali kuorodheshwa hivyo. Chukua neno "hawakumwandikia". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulichanganua: ha-wa-ku-mw-andik-i-a, kisha akatafuta "andika" katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kifaa kisichojua mofolojia ya Kiswahili hutafuta neno zima kama lilivyo, chini ya herufi H, na kurudi mikono mitupu. Kitenzi kimoja, ukizidisha viambishi vya nafsi, njeo, mtendwa na kauli, huzaa maumbo maelfu. Nomino nazo zina mitego yake: anayegusa "nyuso" hana budi kupelekwa kwenye "uso", na anayegusa "kuta" apelekwe kwenye "ukuta", wala si kwenye kitenzi cha kukutana. Hapa pana kazi halisi ya wanaisimu wa vyuo vyetu, kwani kamusi ya kisomeo huweza kupokea orodha ya maumbo iwapo kuna mtu aliyeiandaa. Pasipo orodha hiyo, mguso unaomsaidia msomaji wa Kiingereza humwacha wa Kiswahili pale alipokuwa.

Tatizo la ushairi ni kubwa zaidi, na halizungumzwi. Kitabu pepe cha kawaida hakina ukurasa thabiti. Maneno hujipanga upya kufuata upana wa skrini na ukubwa wa herufi. Riwaya haidhuriki. Lakini shairi la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, na mshororo wa mizani 16 hugawika katika ukwapi na utao, nane kwa nane. Kwenye skrini ya inchi 6, herufi zikikuzwa kidogo, mshororo huo huweza kukatwa baada ya mizani ya kumi au ya kumi na moja, na masalio yakashushwa chini. Kina cha kati hupoteza mahali pake, na ubeti wa mistari minne ukaonekana una minane isiyolingana. Msomaji mzoefu ataurejesha ubeti kwa sikio, kwa kuwa vina vinamwongoza. Utenzi nao huponea chupuchupu, kwa kuwa kipande chake cha mizani minane ni kifupi. Anayepata hasara isiyofidika ni msomaji wa shairi huru. Katika diwani kama Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, mahali mstari unapokatika ni uamuzi wa mshairi na ni sehemu ya maana. Kifaa kikiukata kwingine, hakuna kina wala mizani ya kumwonya msomaji kwamba amedanganywa.

Njia ya kukwepa hayo ni faili za PDF, ambazo huhifadhi ukurasa kama ulivyopigwa chapa. Hizo nazo, kwenye skrini ndogo, husomeka kwa kukodoa macho. Picha za miswada ya hati za Kiarabu hazifai kabisa katika kisomeo cha rangi nyeusi na nyeupe, hasa pale mwandishi alipotenganisha vipande kwa wino mwekundu. Pia kuna suala la kunukuu: vitabu pepe vingi havina namba za kurasa zinazolingana na chapa ya karatasi, na msimamizi wa tasnifu atataka ukurasa.

Suala la umiliki halina budi kutazamwa kwa makini. Mwezi Julai 2009, Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzinunua, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Kimoja ni kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kama Shamba la Wanyama. Fedha zilirudishwa, lakini mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandika maelezo yake katika nakala hiyo aliishia kwenda mahakamani. Mwezi Februari 2025 kampuni hiyo hiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu vilivyonunuliwa na kuvihifadhi kwenye kompyuta. Mnunuzi, kwa hakika, hununua ruhusa ya kusoma. Linganisha na mitaa ya Kiembeni, ambako nakala moja ya kitabu cha kutahiniwa hupita kwa kaka, dada na jirani, kisha ikauzwa tena. Faili iliyofungwa kwa jina la mtu mmoja haiwezi kurithishwa hivyo.

Shirika la Worldreader, lililoanza kugawa visomeo nchini Ghana mwaka 2010 na kisha kufika Kenya, baadaye liliegemea simu, kifaa ambacho wasomaji tayari walikuwa nacho. Mwanafunzi mwenye mkopo wa HELB anapaswa kulizingatia hilo. Mfano wa chini wa Kindle uliotolewa mwaka 2024 uliuzwa Marekani kwa karibu dola 110, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa mwanafunzi wa isimu, anayesoma makala ndefu na riwaya usiku na mchana, huenda fedha hizo zikarudi kwa macho yasiyouma. Kwa anayebobea katika ushairi, fedha hizo zingenunua rafu ya diwani, na mishororo yake ingebaki mahali ilipowekwa. Anayeamua kununua cha mitumba na ahakikishe kwanza kwamba mwenyewe wa awali amekitoa katika akaunti yake, kisha afungue humo humo dukani shairi la tarbia, akuze herufi hadi kiwango anachosomea, na ahesabu mistari.