Maji Magumu na Nepi za Mtoto

Katika Katanga ya kusini maji mengi ya visima hupita katika mawe ya chokaa, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi. Mama hufua nepi kwa sabuni ya mche, povu halitoki, naye huongeza sabuni. Fedha ya unga yapungua, nepi zakakamaa, hazifyonzi tena, na mtoto awashwa mapajani.

Twaona sabuni yasingiziwa bure. Chokaa ya maji hushikana nayo, hufanya utando mweupe unaobaki ndani ya kitambaa. Basi, kabla ya kununua sabuni ya unga ya bei kubwa, tutengeneze maji. Tukiyachemsha, sehemu ya chokaa hutuama (ndiyo lile ganda jeupe la sufuria). Tuyamimine polepole katika ndoo, tutie kijiko cha magadi ya kufulia, kisha sabuni iliyoparuzwa. Hata maji ya kwanza ya kusuuzia yawe hayo hayo, ili utando usirudi. Halafu tusuuze tena mara mbili, kwani magadi huchoma ngozi. Wakati wa mvua tukinge maji ya paa: hapo kipande kidogo cha mche chatosha.