Nguvu bila mshiko ni kelele tu: Siri ya tairi linaloamua mbio kabla hazijakolea

Dumila. Winga anaweza kuwa na mbio kuliko wote uwanjani, lakini akiteleza kwenye hatua ya kwanza, beki ameshamaliza kazi. Mpira umeondolewa, jukwaa linaguna, na ile spidi yote inabaki kuwa hadithi za kijiweni.

Kwenye mbio za magari za mstari ulionyooka, zinazoitwa dragi, mambo ni hayo hayo. Magari mawili yanapangwa ubavu kwa ubavu, taa ya kijani inawaka, na atakayefika mwisho kwanza ndiye mbabe. Mara nyingi gari lenye injini kubwa linapigwa bao na gari la kawaida kwa sababu moja tu: tairi lake halikushika wakati wa kuondoka.

Madereva wa Dumila somo hilo hawahitaji kufundishwa darasani. Mji huu wa Wilaya ya Kilosa uko kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, pale inapochepuka njia ya Kilosa. Jirani yake, Magole, ndipo inapoanzia njia ya Turiani, nyumbani kwa Mtibwa Sugar, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000. Shabiki wa Simba au Yanga aliyewahi kusafiri kwenda Manungu kwa njia hiyo anapafahamu.

Masika yakichanganya, njia za kwenda mashambani zinageuka tope. Dereva mgeni akikwama anakanyaga mafuta. Injini inalia, tairi linazunguka, tope linaruka hadi kwenye kioo, na gari linazidi kuzama. Dereva mwenyeji anafanya kinyume: anapunguza moto, anaweka gia inayotoa nguvu taratibu, anaomba watu wakae nyuma kuongeza uzito, kisha anaachia klachi polepole kama anayembembeleza mtoto. Gari linatoka.

Hicho anachokifanya dereva huyo kwenye tope ndicho timu za dragi duniani zinatumia mamilioni kukitafuta kwenye lami.

Mita 18 zinazotoa hukumu

Mbio za dragi za asili ni za mita 402, yaani robo maili. Siku hizi mashindano mengi hukimbiwa nusu ya hapo, mita 201. Lakini timu zinaposoma karatasi ya muda, jicho la kwanza haliendi kwenye muda wa mwisho. Linaenda kwenye muda wa futi 60 za mwanzo, ambazo ni mita 18 na kidogo. Hiyo ni zaidi kidogo ya umbali kutoka kwenye mstari wa goli hadi ukingo wa boksi la penalti.

Sababu iko wazi. Muda unaopotea pale mwanzo haurudi, kwa kuwa gari linaendelea kuwa nyuma kwa kila mita inayofuata. Madereva huhesabu kwamba ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye mita hizo 18, mwisho wa robo maili unaweza kuwa umeokoa karibu mara mbili yake. Kwenye mchezo ambao ushindi hupatikana kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho, hilo ni kama bao la dakika ya kwanza.

Ndiyo maana fundi mzoefu akiletewa gari lililoongezwa nguvu, swali lake la mwanzo haliwi kuhusu farasi wa injini. Anauliza: “Umevaa tairi gani?”

Si kila tairi ni kiatu cha mechi hii

Tairi linalozungumzwa sana kwa magari yanayotoka barabarani na kuingia mashindanoni ni la dragi radiali. Kwa nje linafanana na tairi la kawaida, lina mifereji michache ya juu juu, na mengi yake yana alama ya kuruhusiwa kutumika barabarani kule Marekani. Tofauti kubwa iko kwenye mpira wake. Ni laini, na ukipata joto unanata.

Ndani ya tairi la radiali, nyuzi zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha juu yake kuna mkanda wa kuimarisha sehemu inayokanyaga lami. Tairi kipara la mbio la mtindo wa zamani ni tofauti. Nyuzi zake zimekatizana kimshazari, aina ya matairi ambayo madereva wa malori wengi huyaita nailoni. Ubavu wake ni mlegevu. Gari likiondoka, ubavu unajikunja kama shati lisilopigwa pasi, unameza ule mshtuko wa kwanza, kisha unajinyoosha na kulisukuma gari mbele.

Tairi kipara la nyuzi za mshazari linasamehe. Likizunguka kidogo mwanzoni, linaweza kushika tena na mbio zikaendelea. La radiali halina huruma hiyo. Likishika, limeshika kweli, na gari linatulia vizuri hata likiwa kwenye kasi kubwa. Lakini likishaanza kuzunguka, kulirudisha ni kazi ngumu. Dereva mwenye akili anaachia mafuta na kusubiri raundi nyingine, maana hiyo imeshaharibika.

Ndiyo sababu swali la “nifanyeje tairi lishike?” haliishi kwenye gereji za wapenzi wa mchezo huu. Majibu yake yako matatu: upepo, joto na uzito.

Upepo, joto, uzito

Upepo kwanza. Tairi la gari dogo barabarani hujazwa kwa kawaida psi 30 na kitu. La dragi radiali hupunguzwa likiwa uwanjani. Wengi huanza kati ya psi 15 na 20, kisha hupanda au kushuka nusu nusu huku wakiangalia muda. Likipungua upepo, sehemu inayogusa lami inaongezeka. Lakini ukizidisha kupunguza, katikati ya tairi panabonyea kwa ndani, kingo ndizo zinabeba mzigo, na mshiko unapotea. Upepo mwingi nao unalifanya tairi livimbe katikati na kukanyaga kwa mstari mwembamba. Fundi anasoma alama ya tairi kwenye lami: ikiwa sawa kutoka ukingo hadi ukingo, amepatia.

Pili ni joto. Ule moshi mweupe wanaoupenda mashabiki kabla ya mbio si mbwembwe tu. Matairi ya nyuma yanazungushwa ili kuondoa uchafu na kuupasha mpira moto. Hapa wengi huharibu. Tairi la dragi radiali halihitaji kuchomwa hadi uwanja upotee kwenye wingu. Moshi ukianza kutoka tu, inatosha. Ukizidisha, mpira unapata moto kupita kiasi, unakuwa kama umepakwa mafuta, na tairi linateleza badala ya kunata. Ni sawa na mchezaji anayepasha misuli kwa saa nzima halafu anaingia kwenye mechi amechoka.

Uwanja wenyewe nao huandaliwa. Viwanja vikubwa vya dragi hupuliziwa gundi maalumu, na mpira wa matairi yaliyopita unabaki umejipaka juu ya lami. Viatu vya mtembea kwa miguu huweza kunasa hapo. Gari lililozoea uwanja wa namna hiyo likipelekwa kwenye lami tupu yenye vumbi, linaweza kuzunguka matairi kama liko kwenye barafu.

Tatu ni uzito, na hapa ndipo watu wa Dumila waliokaa nyuma ya pikapu wanapoingia kwenye sayansi. Gari likiondoka kwa kasi, pua inanyanyuka na mzigo unahamia nyuma. Chukua gari la kilo 1,500 ambalo kitovu cha uzito wake kiko nusu mita kutoka chini, na umbali wa kati ya tairi la mbele na la nyuma ni mita 2.7. Likiondoka kwa mchapuko unaolingana na mvutano wa dunia, karibu kilo 280 zinahama kutoka mbele kwenda nyuma. Ni kama watu wanne wazima wamerukia buti kwa mkupuo.

Gari linalosukumwa na tairi za nyuma linafaidika na zawadi hiyo. Gari linalovutwa na tairi za mbele, kama yalivyo magari mengi madogo ya Kijapani yanayojaa mitaani kwetu, linapata hasara: kadiri linavyojitahidi kuondoka kwa nguvu, ndivyo tairi zinazofanya kazi zinavyopoteza mzigo. Kijana anayepeleka kigari chake gerejini kuongezwa nguvu ajue hilo mapema, kabla hajamaliza akiba yake.

Timu za dragi hutumia shokapu zinazoruhusu mbele kunyanyuka na nyuma kukandamiza tairi kwa kiasi kinachotakiwa. Uzito ukija taratibu mno, tairi linazunguka kabla haujafika. Ukija kwa kishindo, tairi linadunda na kuachia. Nguvu ya injini nayo hufungwa, kisha huachiwa kidogo kidogo katika sekunde ya kwanza.

Wazee wa Safari walijua

Afrika Mashariki haikusubiri dragi kujifunza haya. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye dunia iliyajua kama Safari Rally. Mvua ilikuwa mpinzani mkuu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba vilevile.

Mara zote hizo mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Kati ya hapo, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania alishinda mfululizo akiwa na Chris Rothwell, nao wakiwa na 404. Halikuwa gari lenye injini ya kutisha. Lilikuwa gari gumu, la kusukumwa na tairi za nyuma, lililojua kutembea kwenye tope.

Magari mengi ya Safari ya enzi hizo yalifungwa vishikio nyuma. Yakikwama, msoma ramani alishuka, akasimama juu ya bampa la nyuma, akashikilia na kuruka ruka ili tairi zipate mzigo. Gari likinasuka, analikimbilia na kuingia likiwa linatembea. Leo fundi wa dragi anaweza kutumia kompyuta kutafuta jambo lile lile.

Hata kwenye kilele cha mchezo, kanuni haibadiliki. Timu ya Al-Anabi ya Qatar ilitwaa ubingwa wa Marekani wa daraja la juu kabisa la dragi mwaka 2010, 2011 na 2013. Magari ya daraja hilo yana nguvu za farasi zaidi ya 10,000. Matairi yake makubwa ya nyuma huwekwa upepo mdogo sana, psi 6 au 7 hivi. Na bado, fundi wao akikosea hesabu ya mshiko, farasi wote hao wanaishia kuwa moshi, na mpinzani anaondoka peke yake.

Kipara hiki si kile

Kuna hatari moja ambayo mashabiki wa mchezo huu lazima waambiwe bila kupaka mafuta. Wapo vijana wanaoona picha za tairi la mbio lisilo na mifereji, wakaamini kwamba tairi lililoisha nalo linashika zaidi. Siyo kweli. Tairi la mbio ni kipara kwa sababu limetengenezwa hivyo, kwa mpira laini, kwa ajili ya lami kavu iliyoandaliwa. Tairi lililochakaa limekuwa kipara kwa uzee. Mpira wake umekauka na kuwa mgumu, na unaweza kuwa umebaki mwembamba juu ya nyuzi. Hilo linasubiri kupasuka.

Hata lile halisi la dragi radiali, likiwa jipya, si la safari ya mvua. Kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya tairi. Mifereji ikiwa michache, maji yanalinyanyua tairi, na usukani unakuwa pambo. Ukanda huu unajua maji yanachoweza kufanya: Januari 2014 mafuriko ya Mto Mkundi yaliharibu daraja hapa Dumila na kufunga barabara kuu, mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili.

Barabara hiyo hiyo ndiyo inayopitisha mabasi ya abiria, malori ya mizigo, bodaboda na watoto wanaotoka shule. Si uwanja wa kujaribia tairi. Dragi ina njia iliyofungwa, ukuta pembeni, gari la wagonjwa na zimamoto, na nafasi ndefu ya kusimama baada ya mstari wa mwisho. Usiku wa manane kwenye barabara kuu hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na ng'ombe akikatiza hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi.

Kwa mwenye gari la kawaida anayesafiri kwenda kuangalia mechi Dodoma au Turiani, somo la dragi linamfaa bila kukimbizana na mtu. Apime upepo tairi likiwa bado la baridi, afuate kiwango cha mtengenezaji kinachoandikwa mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva, na aangalie mifereji kabla ya masika. Na akikwama kwenye tope, asishindane na kanyagio. Kama gari lake linasukumwa na tairi za nyuma, aombe watu wawili wakae nyuma, aachie klachi polepole, na asubiri tairi lishike lenyewe.