Ngao ya chuma au ya mbao? Uliza mkono wako kwanza

Jumamosi moja nilimuua rafiki yangu kwa sababu ya ngao. Usipige 999 bado. Alikufia mezani, kwenye Dungeons & Dragons, ndani ya bedsita moja Roysambu. Tulikuwa watu watano, dadu la pande 20 na chipsi za kugawana.

Stori ni hii. Mimi ndiye huongoza mchezo, yaani nasimulia dunia na kuamua kama mto umefurika au la. Jamaa yetu alikuwa na mhusika mpiganaji aliyemlea miezi minane. Siku ya kwanza alijigamba kwamba ngao yake ni chuma tupu, kama mlango wa duka. Tukacheka, tukasahau. Miezi minane baadaye daraja likakatika, akatumbukia mtoni, nami nikamwambia chuma kinamvuta chini, arushe dadu mara tatu. Akakosa zote. Kwisha.

Mazee, alikasirika! Alifungua kitabu cha sheria, toleo la tano la mwaka 2014, akaweka kidole kwenye mstari wenyewe. Ngao ni ya mbao au ya chuma, inakuongezea 2 kwenye kinga, uzito wake ratili 6. Bei moja, uzito mmoja, kinga moja. Sasa huo mto wangu ulijuaje kwamba yake ni chuma? Wiki mbili hakujibu meseji zangu.

Ikabidi nitafute nani alikuwa na haki.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Ratili 6 ni kama kilo 2.7. Chukua ngao ya duara yenye upana wa sentimita 90. Ukiikata kwa mbao ya msonobari yenye unene wa milimita 8, utapata kama kilo 2 na nusu. Ukiikata kwa bati la chuma la milimita 2 tu, inafika kilo 10. Huo ni mtungi wa maji wa lita 10 uliojaa, unaning'inia kwenye mkono mmoja, na kuna mtu mwenye shoka anakujia mbio. Kwa hivyo kitabu kinaposema ratili 6, kinazungumzia mbao, hata kama wewe kichwani umechora chuma.

Unadhani kilo 2 na nusu ni kidogo? Nenda jikoni, shika pakiti ya unga ya kilo 2, nyoosha mkono mbele, uhesabu dakika moja. Mimi sekunde ya 40 nilikuwa natafuta mahali pa kuiweka.

Ndio maana watu waliopigana kwelikweli hawakukimbilia chuma kitupu. Mwaka 1880 huko Norway ilichimbuliwa meli ya Waviking iitwayo Gokstad, ikiwa na ngao 64, na ni za mbao nyembamba. Chuma kilitumika katikati tu, kama bakuli dogo la kukinga kiganja. Na mbao ina ujanja wake: upanga ukiingia kwenye ukingo unaweza kunasa, na wakati adui anahangaika kuuchomoa, wewe una mkono mwingine wenye silaha.

Na huhitaji kwenda Norway. Angalia bendera yetu. Ile ngao iliyo katikati ni ya Kimaasai, na ngao za aina hiyo zilitengenezwa kwa ngozi ngumu, ya nyati kwa mfano, iliyokaushwa. Mtu anayetembea na kukimbia siku nzima kwenye jua hawezi kubeba mlango wa duka. Shida ya ngozi mbichi iliyokaushwa ni maji. Ikilowa inalegea, na ikilegea hiyo si ngao tena.

Gemu za kompyuta nazo? Kila moja na hesabu yake. Kwenye Skyrim ya 2011, ngao ya chuma ina ulinzi 20 na uzito 12, na ile inayoitwa Glass ina ulinzi 27 na uzito 6. Yaani kioo ni chepesi kuliko chuma na kinakinga zaidi! Hiyo si fizikia, hiyo ni ngazi ya kukufanya uendelee kucheza. Elden Ring inakubana vizuri zaidi, kwa sababu haiangalii uzito wa ngao peke yake. Inajumlisha kila ulichovaa. Ukipita asilimia 70 ya uwezo wako wa kubeba, kubiringika kunakuwa kama kuanguka kitandani, na bosi hana huruma na mtu mzito. Kabla hujavaa ngao kubwa, cheki hiyo asilimia kwanza, halafu ndio uangalie ulinzi.

Ninayoipenda mimi ni Zelda, ile Breath of the Wild ya 2017. Ngao ya mbao inashika moto. Ya chuma inavuta radi wakati wa dhoruba ya radi. Hakuna anayekusomea sheria, unaungua mara moja na umeelewa.

Nikarudi kwenye kitabu cha jamaa, na hapo ndipo nilipoona aibu. Chuma kinatajwa, lakini kwa ubaya tu. Druidi hatumii ngao ya chuma. Kuna mnyama wa kutu anayeila mpaka iishe. Kuna uchawi wa kukifanya chuma kiwe moto mkononi mwako. Faida ya kulipia hayo yote, sikuiona hata moja. Na mimi juu yake nikaongeza mto! Nilimtoza jamaa uzito wa chuma bila kumpa ulinzi wa chuma, na tena nilimwambia siku anazama. Kama ngao yake ingekuwa imezuia mapigo zaidi kwa miezi minane, sawa, azame. Haikuwa hivyo.

Nilimpigia simu. Tukakubaliana mhusika wake alisukumwa na maji hadi ukingoni, hai, bila ngao. Halafu tukaandika sheria zetu, za meza yetu pekee. Mbao inabaki kinga 2 na ratili 6, ila inaweza kupasuka. Chuma ni kinga 3 na ratili 20, husikii mtu akikunyemelea ukiwa unatembea nacho, na majini ni shauri yako. Ngozi ni kinga 1, unakimbia utakavyo, ila usiinyeshee.

Jamaa akafikiria kama dakika tano nzima, chipsi zikipoa. Akachukua ngozi. Kisha akaniuliza kama kule tunakoenda kuna mvua.