Mungu aliyegeuka kobe, na kaye yangu ya majina

Mwezi huu nawaletea habari ya kitabu ambacho hamtakikuta kwenye meza ya vitabu mlangoni mwa kanisa. Mzee mmoja wa kanisa aliniletea nacho siku ya posho jioni, amekifunga ndani ya gazeti kama mtu anayeficha nyama. Alikikuta chini ya mto wa mwana wake, ambaye anasoma kule Lubumbashi na alikuwa amerudi nyumbani kwa konji. Hakukubali hata kuketi.

"Pasta," akasema, "hii kitabu inachekelea Mungu. Soma, kisha utaniambia kama niichome."

Nilikisoma kwa siku nne. Usiku wa kwanza umeme ulikatika, nikaendelea kwa mshumaa. Nilicheka mpaka bibi yangu akauliza kama ninaandaa mahubiri ao kama nimeanza kugonjwa. Usiku wa tatu sikucheka tena, na sababu yake nitaieleza chini, kwa maana inanihusu mimi.

Kitabu kinaitwa "Small Gods", ndiyo kusema Miungu Midogo. Aliyekiandika ni Mwingereza, Terry Pratchett, na kilitoka mwaka wa 1992. Mimi nilikisoma kwa Kifaransa, "Les Petits Dieux". Pratchett alizaliwa 1948 na akafariki 2015. Aliandika vitabu 41 juu ya dunia moja ya kuwaza tu, dunia iliyo bapa kama sahani, inayobebwa na tembo wanne, na tembo wale wamesimama juu ya mgongo wa kobe mkubwa anayeogelea kati ya nyota. Hiki ni cha 13. Mtu yule hakuwa mwamini, wala hakulificha jambo hilo. Basi mzee wetu hakukosea kabisa: kitabu kinachekelea. Lakini kabla ya kuwasha kiberiti inafaa tuulize kinachekelea nani.

Habari yenyewe ni hii. Katika nchi inayoitwa Omnia watu wote wanamwabudu Mungu Mkuu Om. Hekalu ni kubwa kama mji, makuhani hawahesabiki, na kuna idara ya kuwatesa wale wanaoshukiwa kuwa na mawazo mabaya. Om mwenyewe alitaka kushuka duniani kwa utukufu. Kumbe akajikuta ni kobe. Kobe mdogo, jicho moja! Anakaa miaka mitatu akila majani, hata hajui tena kwamba yeye ni mungu, mpaka siku moja tai anamwinua, kisha anamwangusha katika bustani ya hekalu. Pale kuna kijana analima matikiti, jina lake Brutha. Kwa Kifaransa wamemwita Frangin, ni kama vile vijana wetu wanavyoitana "ndugu" barabarani. Hajui kusoma, akili yake inaonekana nzito, wenzake wanamdharau. Ni yeye peke yake anayesikia kobe akitukana.

Hapo ndipo mtunzi anatumia kanuni moja ya hadithi iliyo ya zamani sana: miungu inakula imani ya watu. Mungu mwenye waamini wengi ana nguvu, na yule asiyekuwa na mwamini anabaki kama sauti ndogo ndani ya upepo wa jangwa, akingoja mtu mmoja tu apite. Si Pratchett aliyeivumbua. Kule Athene, katika mwaka wa 414 kabla ya Kristo, Aristophanes alionyesha watu mchezo unaoitwa "Ndege". Ndani yake ndege wanajenga mji katikati ya mbingu na dunia, wanazuia moshi wa sadaka usipande, na miungu inakuja kupatana nao kwa sababu ya njaa. Hata katika hadithi ya kale ya Gilgamesh, miungu iliyoleta gharika inakusanyika kama inzi juu ya sadaka ya kwanza, kwa vile ilikuwa imekosa chakula. Wazee wetu pia waliongea juu ya mizimu inayokasirika kwa kusahauliwa. Ni wazo lililo karibu na moyo wa mtu po pote: yule aliye juu anatuhitaji, basi tunaweza kufanya naye biashara.

Mwenye kusoma Biblia anajua kwamba hapo mwandishi na sisi hatuko njia moja. Zaburi ya 50 inasema wazi kwamba kama Mungu angekuwa na njaa, hangekuja kutuambia sisi. Paulo alisimama katika Athene hiyohiyo ya Aristophanes, Matendo sura ya 17, akawafundisha kwamba Mungu hahudumiwi na mikono ya watu kama mwenye kukosa kitu. Kwa hiyo kobe wa Pratchett si Mungu tunayemhubiri. Ni sanamu, na sanamu nabii Isaya alizicheka mbele ya Mwingereza huyu. Someni sura ya 44: mtu anakata mti, nusu anapikia chakula na kuota moto, nusu nyingine anaipigia magoti. Na Eliya, juu ya mlima Karmeli, hakuwahurumia hata kidogo manabii wa Baali kwa maneno yake. Sisi Wakristo tusijifanye kama hatujui mchezo huu. Tumeucheza wa kwanza.

Kama kitabu kingeishia pale, ningemrudishia mzee kitabu chake na kulala usingizi. Lakini Pratchett anauliza swali lingine. Omnia ina watu maelfu na maelfu, wote wanaomba, wote wanafunga, wote wanazijua sheria. Namna gani basi mungu wao anakuwa kobe? Jibu linakuja polepole. Watu wale hawamwamini Om. Wanaamini idara ya kutesa. Wanaamini makuhani, kuta, kengele, na hatari ya kuitwa usiku. Maombi na desturi zimekua kumzunguka mungu kama gamba gumu, na ndani ya gamba mungu amekauka, na hakuna aliyeona tofauti, kwa sababu ibada inaendelea kwa saa yake. Katika nchi nzima amebaki mwamini mmoja, yule mlima matikiti. Tena wakati Brutha anapomkariria kobe maandiko ya manabii wao, Om anashangaa. Mengi ya yale hakuyasema hata siku moja.

Hapa ndipo kicheko kilinishinda.

Nilipotoka shule ya Biblia nilipewa kanisa katika kartye ya wachimba shaba. Nilikuwa kijana, na nilipenda utaratibu. Nilinunua kaye ya kurasa mia mbili, nikaandika majina ya vijana wote. Asiyekuja siku ya yenga aliwekwa alama ya msalaba. Misalaba mitatu, anatolewa katika korali, na jina lake linasomwa mbele ya watu wote. Kanisa likajaa. Wageni kutoka makanisa mengine wakanisifu, na mimi nilikubali sifa. Kulikuwa binti mmoja mwenye sauti ya pili, hakukosa hata yenga moja kwa mwaka mzima, hata wakati wa mvua kubwa. Nilimtaja katika mahubiri kama mfano. Miaka mingi baadaye, amekwisha kuwa mama wa watoto watatu, tulikutana kwenye matanga. Tukaongea mambo ya zamani. Akacheka, akasema: "Pasta, ule mwaka miye sikukuwa nakuya juu ya Mungu. Nilikuwa nakuya juu ya kaye."

Alisema bila uchungu. Mimi nilibaki na neno lile kama jiwe ndani ya kiatu, na sikujua niliweke wapi mpaka niliposoma habari ya kobe.

Sasa, vijana wanaopenda kutunga michezo ya Noeli na ya Pasaka, angalieni namna mtu huyu anavyojenga. Anachukua mifano ya hadithi ambayo kila mtu anaijua, kisha anaigeuza tumbo juu. Mjinga mwenye moyo safi tunamjua sote, yuko katika hadithi za kila kabila. Lakini ujinga wa Brutha unaficha kitu: hasahau hata kitu kimoja alichokiona ao kukisikia. Na kipawa hicho kinatumiwa vibaya kwanza. Mkuu wa watesaji, Vorbis, anamchukua pamoja naye kwa merikebu mpaka Ephebe, nchi ya wafilosofu, na njia za siri zilizokaa katika kichwa cha Brutha zinawaingiza askari ndani ya jumba la mtawala. Mtu mwema anafungua mlango wa vita bila kujua. Baadaye kichwa hichohicho kinaokoa vitabu: kabla ya maktaba ya Ephebe kuungua Brutha anatazama karatasi moja moja, hata kama hajui kusoma, na zote zinabaki ndani yake.

Adui naye amegeuzwa. Katika hadithi nyingi mwovu anapiga kelele na kunywa pombe. Vorbis hapigi kelele. Ni mpole, anafunga, hatafuti mali, anaongea taratibu. Mwanzoni mwa kitabu anamkuta kobe katika bustani, anamlaza chali juani, anamzuia kwa vijiwe asijigeuze, kusudi tu aone itakuwaje. Hajui kwamba anayemtesa ni mungu wake. Na anapoomba, sauti anayoisikia ni yake mwenyewe inayorudi, kwa sababu hakuna kitu cho chote kinachoweza kuingia katika akili ile. Nimesoma vitabu vingi vya mafundisho juu ya unafiki. Sikumbuki ukurasa wo wote ulionionyesha jambo hilo vizuri kama yule kobe chali.

Kuna pia habari ya Galileo, ambaye kanisa la Roma lilimhukumu mwaka wa 1633 kwa kufundisha kwamba dunia inazunguka jua. Pratchett anaigeuza: katika Omnia makuhani ndio wanaolazimisha watu kusema dunia ni mviringo kama mpira, na waasi wanakufa kwa kusema ni bapa, juu ya kobe. Katika dunia ile waasi wanasema kweli! Mwaka uleule wa 1992 kitabu kilipotoka, Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri mbele ya watu kwamba Galileo alikosewa. Hata kifo cha Vorbis kina mzizi wa zamani. Wagiriki walisimulia kwamba mtunzi Aeschylus alikufa kule Sisilia kwa sababu tai alimwangushia kobe juu ya upara wake, akidhani ni jiwe. Vorbis naye ana upara. Zaidi sitasema, kwa ajili ya wale watakaotaka kusoma.

Lakini lazima niseme juu ya jangwa. Baada ya Ephebe, Brutha na Vorbis na kobe wanajikuta peke yao katika mchanga, na Vorbis ameumia, hawezi kutembea. Kobe anamwambia Brutha mara nyingi amwache, ni mtu mbaya, na kwa kweli ni mbaya. Brutha anambeba mgongoni. Nilimfikiri yule Msamaria wa Luka 10, ila Msamaria hakujua kama majeruhi wake ni mwema ao mwovu. Brutha anajua. Na wakikaribia kufika, Vorbis anainuka na kumpiga, kisha anapokelewa kama nabii.

Mambo mawili siyakubali. Katika kitabu hiki mungu anafundishwa huruma na mtu; imani yetu inasema kinyume. Tena mwandishi anawafanya makuhani karibu wote wawe wajinga ao waoga, na hiyo ni rahisi kupita kiasi. Nimefahamu wachungaji waliozikwa na koti moja kwa kuwa walitoa la pili.

Nilimrudishia mzee kitabu, nikamwambia asikichome. Akaniuliza afanye nini na mwana wake. Nikamwambia amuulize alicheka wapi, na yeye mwenyewe akae kimya mpaka kijana amalize. Alinitazama kama mtu aliyedanganywa bei sokoni. Lakini baada ya majuma mawili yule kijana alikuja na kitabu chake kwenye kikundi cha vijana, na baba yake ndiye aliyemtuma.

Tulisimuliana habari yote kwa jioni tatu, mpaka mwisho. Brutha anaishi miaka mia moja mingine, anakufa katika amani, na upande wa pili anakuta jangwa la mchanga mweusi, kama ilivyo kwa kila mtu wa hadithi ile. Pale pembeni mtu mmoja amejikunyata. Ni Vorbis. Amekaa miaka ile mia moja palepale, anaogopa kuvuka peke yake, na hana sauti nyingine ya kusikia ila yake. Brutha anamsimamia kidogo. Halafu anamshika mkono, wanaanza kutembea.

Vijana wawili walikataa kabisa. "Abaki pale," wakasema, "njo mshahara wake." Binti mmoja akawauliza kama wanajua Brutha angefika wapi kwa kumwacha. Kijana wa mzee hakusema neno, alikuwa anatafuta ukurasa kwa tochi. Ubishi uliendelea mpaka mlinzi akaja na funguo, akatuomba tutoke, maana alitaka kufunga kanisa.